Maneno Yaliyoitwa Mlangoni

Namalwa alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba yake, mtaani Free Area, akichambua sukuma wiki kwenye beseni, na binti yake Natasha alikuwa amesimama mlangoni akiita maneno. Aliita neno kwa sauti, akasema maana yake, kisha akaliita tena huku akiangalia getini. Namalwa ndiye aliyemfundisha kusoma hivyo. Yeye mwenyewe hakuvuka shule ya msingi, lakini mpaka leo anaijua mito yote ya Kenya, kwa sababu aliisoma akiwa amesimama mlangoni kwa mama yake, akiita kama mtu anayeita ng'ombe warudi. Neno likisomwa kimya, alimwambia Natasha, linabaki kwa karatasi.

Maneno yenyewe yalikuwa magumu. Yalikuwa ya somo la historia ya Ulaya, katika shule moja huko juu Milimani, shule ya mtaala wa Uingereza, ambako Natasha alisoma pamoja na watoto wa mameneja wa mashamba ya maua. Mwisho wa muhula kungekuwa na oral, mtihani wa kujibu kwa mdomo, mbele ya wazazi. Mwanafunzi angeokota neno kwenye kikapu, aseme maana yake na atoe mfano. Mtoto wa kulipiwa na baba yake akikosea angecheka na kurudi kukaa. Mtoto wa basari, anayesomeshwa kwa msaada wa shule, akikosea, basari ingekwisha. Natasha alikuwa mtoto wa basari, na tangu hiyo oral itangazwe Namalwa alikuwa akiosha sufuria moja mara mbili bila kujua.

Neno la kwanza kujibu lilikuwa "tithe". Natasha alisema maana yake, kwamba ni fungu la kumi ambalo mkulima alitoa kwa kanisa apende asipende, na kabla sukuma haijaingia kwenye sufuria, mtu mmoja mwembamba mwenye kikapu akapita getini. Alisalimu kwa kichwa, akaingia ndani, akahesabu mayai kwenye trei, akachukua moja katika kila kumi, akatoka. Yalikuwa mayai ya kuuza. Namalwa alimtazama akienda mpaka akapinda kona ya duka la dawa.

Kwao Bungoma, mtoto mchanga akilia bila kunyamaza, wazee humwitia majina ya marehemu, moja baada ya jingine, mpaka anyamaze. Hapo hujulikana ni marehemu yupi aliyetaka kuitwa. Marehemu akiitwa kwa jina lake huja, hilo Namalwa alilijua tangu utotoni. Alichokuwa hajui ni kwamba hata wa Ulaya huja, na kwamba hawangoji mtoto alie.

"Umemwita," alimwambia Natasha.

"Nimeita nani?"

"Huyo wa mayai."

"Mum, hiyo ni tithe tu. Iko kwa syllabus."

Baada ya hapo walikuja wengine. "Vassal", mtu aliyeapa kumtumikia bwana wake, alipiga magoti karibu na meza na kukataa kuinuka mpaka chai yake ikapoa. "Monarch", mfalme, alitaka kiti cha kuegemea, na kwa kuwa hakukuwa na kiti cha namna hiyo, alisimama mlangoni kidogo akaenda zake akiwa amenuna. "Feudalism" haikuleta mtu. Ilileta baridi tu, na harufu ya sufu ya kondoo iliyolowa, ambayo iliingia kwenye mapazia ikakaa. "Guillotine", mashine ya kukata watu vichwa, Namalwa alikataa lisisomwe nyumbani kwake. Natasha alienda kulisoma nyuma ya ploti, kwenye bomba la maji, na kesho yake jirani yao Wamaitha akaja kulalamika kwamba kuna mtu ameacha kitu kirefu cha mbao pale bombani, na watoto watajiumiza. Keateka, mtunzaji wa ploti, alikibomoa. Namalwa aliomba zile mbao akaongezea banda la kuku.

"Mama Natasha," Wamaitha alimwambia siku hiyo, "mimi sijakataa uwe na wageni. Lakini tenki la maji ni la ploti nzima. Na huyo wa kupiga magoti ameniziba njia ya choo."

"Ni wa shule," Namalwa alisema. "Oral ikiisha wataenda."

"Sawa. Lakini wakae kwako, si kwa choo. Mimi nikibanwa sitambui vassal."

Hao wote walikuja na kuondoka. Aliyekuja na asiondoke ni wa "serf".

Natasha aliliita neno hilo jua likielekea kuzama, akasema maana yake polepole, kwa sababu ilikuwa ndefu. Ni mtu ambaye si mtumwa kabisa, lakini hawezi kutoka. Analifanyia shamba kazi, na shamba linampa mahali pa kuishi. Shamba likiuzwa, anauzwa nalo. Na watoto wake pia.

Mtu akasimama getini. Miguu yake ilikuwa imefungwa vitambaa badala ya viatu, na nguo yake ilikuwa na rangi ya udongo. Hakuingia mpaka Namalwa alipomwambia karibu. Hakukaa mpaka alipoonyeshwa pa kukaa. Aliketi kwenye benchi refu lililokuwa ukutani, pale mwisho kabisa, nusu ya mwili wake ikiwa hewani, kama mtu anayengoja kuambiwa ainuke. Alipopewa ugali aliushika mkononi akauliza mahindi ni ya nani. Alizungumza lugha yake, na Namalwa alimwelewa kama mtu anavyomwelewa mgonjwa wa kwake mwenyewe.

"Ni yangu," Namalwa alisema. "Kula."

Akala. Chakula kilipoisha hakuomba kulala wala kuondoka. Alibaki pale.

Benchi hilo lilitoka Ndabibi. Baba yake Namalwa, mzee Khaemba, alilitengeneza kwa mbao za zizi. Alikuwa mkamuaji wa maziwa kwenye shamba moja kubwa kule, tangu ujana, na shamba hilo lilipouzwa Namalwa alikuwa mtoto mkubwa wa kutosha kukumbuka. Alikuwa ameshika kamba ya ndama. Mnunuzi alizunguka na mwenye shamba, akionyeshwa ng'ombe, trekta, matangi, na walipofika pale Khaemba alipokuwa amesimama na familia yake, mnunuzi aliuliza, "Na hawa?" Mwenye shamba akasema, "Hao ni wa shamba." Wakaendelea kwenye matangi. Khaemba alikamua kwa mwenye shamba mpya mpaka vidole vyake vikakataa kukunjuka. Namalwa hakuwahi kufikiria kwamba jambo hilo lina jina, na kwamba jina lake linaulizwa kwenye mtihani.

Jioni iliyofuata mgeni alimwuliza, "Wewe ni wa shamba gani?"

"Mimi si wa shamba. Mimi niko kazi."

"Unaweza kuiacha?"

Namalwa aliendelea kukwangua sufuria ya ugali. Kazi yake ilikuwa ya dobi, kule kule shuleni. Alifua shuka za bweni, sare na vitambaa vya meza. Mwalimu mkuu wa zamani, mama mmoja mwenye huruma, ndiye aliyepanga: mama afue, mtoto asome. Mshahara haukutajwa, ilitajwa chai ya saa nne na chakula cha mchana. Kodi ya nyumba ililipwa kwa pesa za mayai. Namalwa alishukuru mpaka akapiga magoti, na tangu siku hiyo hakukosa kazi, hata wakati wa malaria, hata siku dada yake alipozikwa huko Kimilili, kwa sababu siku mama asipofua ni siku mtoto hana dawati. Likizo iliyopita shule ilinunuliwa na watu wengine. Meneja mpya, Bwana Mathenge, aliwakusanya wafanyakazi kwenye uwanja, akawatajia kila kitu kilichohamia kwa wenyewe wapya: mabasi, vitanda, kisima, ng'ombe wa maziwa, mashine za kufulia na Mama Natasha. Wapishi walipewa mikataba mipya ya kutia sahihi. Namalwa hakupewa. Alidhani wamemsahau, akafurahi kwamba hawajamfukuza.

"Siwezi," alimjibu mgeni. "Nikiacha, mtoto anatoka shule."

 Mgeni alisogea kwenye benchi, akamwachia nafasi.

Namalwa hakukaa. Alitoka nje akaangalia kuku, akafunga banda, akafungua, akafunga tena. Mama yeyote mwenye mtoto wa shule, amwambie asomee mezani, akiwa ameketi, mlango umefungwa. Lakini hakuna aliyemwambia Namalwa.

Kutoka hapo mgeni alimfuata kazini kila siku. Alitembea nyuma yake hatua chache, kutoka Free Area mpaka juu Milimani, na askari wa geti alipotaka kumwandika kwenye kitabu cha wageni, Bwana Mathenge aliyekuwa akishuka kwenye gari lake alimtazama mara moja tu, vile vitambaa vya miguuni na ile mikono.

"Huyo ni wa laundry," alisema. "Mwache apite."

Alikuwa mfanyakazi mzuri. Shuka alizikamua mpaka zikatoka karibu kavu, na mashine ya kukausha ilipoharibika hakuna aliyeita fundi. Saa nne alikunywa chai amesimama. Namalwa alimwachia mkate nusu, akawa anajiuliza moyoni huyu atakaa mpaka lini, na akienda ataondoka na nani.

Siku tatu kabla ya oral, Natasha alikuwa mlangoni akifanya mazoezi ya mifano. Mwalimu wa historia, Mwalimu Kipngetich, alikuwa kijana mwenye bidii aliyependa masomo yaguse maisha, na alikuwa amewaambia wasitoe mifano ya kitabuni. Namalwa alikuwa ndani akikunja nguo. Alisikia "tithe" na mfano wake, "monarch" na mfano wake. Kisha akasikia, "Serf. Example: my mother."

Kiingereza chake kilikuwa kidogo, lakini hicho kilimtosha. Alitoka na shuka mkononi.

"Umesema nini?"

"Nafanya practice."

"Umesema mama yako. Rudia."

Natasha hakurudia. Alimtazama yule mgeni kwenye benchi, naye mgeni akatazama sakafu.

"Mwalimu alisema example ikuwe ya kitu tunajua," Natasha alisema. "Mimi najua nini ingine? Hutoki. Hulipwi. Walipouza shule walikuuza na mashine. Hata mimi niko ndani. Mum, hiyo ni definition yote, neno kwa neno."

"Sema babu yako. Babu yako alikuwa hivyo, na amekufa, hakuna wa kumfukuza."

"Anataka mfano wa present."

"Sema basi watu wa mbali! Kwani Ulaya wameisha?" Sauti ilimtoka juu, na huko upande wa pili wa ukuta Wamaitha akazima redio asikie vizuri. Namalwa alishusha sauti. "Natasha. Mama. Bwana Mathenge atakuwa pale mbele. Ukisema hivyo wanatufukuza sote wawili. Unajua nimefua miaka mingapi ndio usimame hapo?"

"Najua. Ndio maana nataka kusema."

"Usiseme."

"Na nikiokota hilo neno? Ninyamaze? Nikinyamaza ni zero, na zero ni basari imeenda. Niambie, mum. Nifanye nini?"

 Namalwa alirudi ndani akasimama mbele ya yule mgeni.

"Nenda," alimwambia. "Nenda kwenu. Labda ukienda neno litamtoka."

Mgeni aliinuka mara moja, kwa sababu alikuwa ameambiwa. Alifika mlangoni akasimama. Aliuliza ruhusa imetolewa na nani.

"Na mimi. Ninakupa mimi."

Alimtazama Namalwa kwa upole, kuanzia kilemba mpaka ndala, kama anayetafuta kitu anachojua hakipo. Namalwa naye hakuwa na ruhusa ya kutoa. Mgeni akarudi kwenye benchi, akakaa pale mwisho, akaacha nafasi ile ile.

Siku ya oral Namalwa alipewa kazi ya vitambaa vya meza vya ukumbini, kwa hiyo alikuwepo. Alisimama nyuma karibu na mlango, vitambaa vya akiba mikononi, na mgeni wake amesimama nyuma yake. Wazazi walijaa, wamevaa vizuri, wananukia. Mbele walikaa Mwalimu Kipngetich, Bwana Mathenge na kikapu. Mtoto wa kwanza aliokota "revolution" akatoa mfano wa kaka yake kukataa kwenda kanisani, watu wakacheka. Namalwa alicheka pia, akachelewa, kicheko chake kikabaki peke yake ukumbini. Alikaza vitambaa kifuani. 

Jina la Natasha likaitwa. Aliokota neno la kwanza, akalijibu. Akaokota la pili, akalijibu. Namalwa alikuwa akiomba, si kwa maneno, kwa kuuma meno tu. Natasha aliingiza mkono kwenye kikapu tena, akafungua karatasi, akaitazama kwa muda, kisha akatafuta kwa macho kule nyuma mpaka akampata mama yake. Namalwa akatikisa kichwa, kidogo, mtu mwingine asione.

"Serf," Natasha alisema.

Alisema maana yake yote bila kukosea. Kisha akatoa mfano. Alimtaja mama yake kwa jina lake kamili na mahali anapofanyia kazi. Alieleza kwamba halipwi, kwamba hawezi kuacha kwa sababu yake yeye Natasha, na kwamba shule ilipouzwa alihesabiwa baada ya mashine za kufulia. Alisema babu yake naye alihesabiwa hivyo hivyo, Ndabibi, baada ya ng'ombe. Alisema yote hayo kwa Kiingereza safi, na sauti yake haikutetemeka. Alipomaliza alishusha mikono akangoja.

 Namalwa alihesabu moyoni vitu vitakavyobebwa: magodoro, sufuria, benchi, kuku wangepewa Wamaitha. Alishaanza kufikiria nani ana pickup.

Mwalimu Kipngetich aliandika kitu. Akainua uso, macho yake yakiwa yanang'aa.

"Excellent," alisema. "Hii ndiyo nilikuwa nawaambia. Mfano wa sasa, wa karibu, na kila sehemu ya definition imeguswa. Full marks."

Mzazi mmoja wa mbele akaanza kupiga makofi, na wengine wakafuata. Mama mmoja alimgeukia mumewe akamwambia, umesikia vile huyu mtoto ameelewa, na wetu anashinda kwa simu. Bwana Mathenge alipiga makofi pia, bila haraka, akiitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia hesabu yake imesomwa sawasawa. Kisha kikapu kikapelekwa kwa mtoto aliyefuata.

Namalwa alibaki amesimama. Hakuna aliyekuja kumtoa. Baada ya muda mtumishi wa chai alimwambia kitambaa cha meza ya wageni kimemwagikiwa, na akaenda akakibadilisha.

Watu walipokuwa wakitoka, Bwana Mathenge alimkuta pale mlangoni. Alimpa mkono.

"Mama Natasha, hongera. Umelea. Huyu mtoto hatuwezi kumwacha aishie hapa, lazima aendelee mpaka A-level." Alimtazama mgeni aliyekuwa nyuma, akamsalimia kwa kichwa. "Masharti ni yale yale. Tutaongeza tu kwamba Jumamosi mtoto naye awe anakuja kusaidia laundry. Bweni jipya linafunguliwa, shuka zitakuwa nyingi."

"Asante, Bwana Mathenge," Namalwa alisema. Lilimtoka kabla hajalifikiria, na lilipotoka aliona haliwezi kurudi. Natasha alikuwa amesimama hapo hapo, cheti cha oral mkononi. Alifungua mdomo. Mama yake akamkanyaga mguu, si kwa nguvu, na Natasha akaufunga.

Siku hizi Natasha hasomi tena mlangoni. Maneno ya A-level ni magumu zaidi, lakini anayasoma kitandani, mdomo umefungwa, na hakuna mgeni mpya aliyekuja. Wamaitha anasema sasa maji ya tenki yanatosha. Mwembamba wa kikapu hupita mara moja moja kuchukua mayai, na Namalwa humtengea kabla hajaingia, ili asipangue trei yote.

Jumamosi ile ya kwanza ya laundry Natasha alirudi jioni na mama yake, mikono ya sweta imelowa mpaka kwenye viwiko, vidole vimekunjamana kwa sabuni.  Alitupa mkoba sakafuni akasimama katikati ya nyumba, akitafuta pa kukaa, maana kwenye kitanda kulikuwa na nguo za kupiga pasi. Namalwa alikuwa ameshakaa kwenye benchi, kando ya mgeni, miguu ikimuuma.

Mgeni alimtazama msichana. Kisha akasogea, Namalwa naye akasogea.